Umealikwa kwa Walimbu: uketi na phedangma au uende Mangheim?

Katika chumba chetu cha wafanyakazi kule Doha tulikuwa na jiko moja na sufuria nne, na moja kati ya hizo ilikuwa na uzi mweupe kwenye mkono. Hiyo hakuigusa mtu. Ilikuwa ya mwenzetu Mlimbu wa Panchthar, mashariki mwa Nepal, asiyekula nyama wala kuonja pombe, na chakula chake hakiingii kwenye chombo kilichowahi kupikiwa nyama. Kitanda cha pili alilala Mlimbu mwingine, wa wilaya ileile na lugha ileile, nyumba zao zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya bonde. Huyu wa pili alikula kila kilichoiva, na kila mwaka ikikaribia Novemba alituma pesa kwao anunuliwe jogoo wa kichwa chake. Nilikaa nao mwaka mzima kabla sijaelewa jogoo na kichwa vinahusianaje.

Mkataba wetu ulipokwisha, wote wawili walinialika kwao msimu mmoja, kila mtu kwenye ibada yake. Mwenye sufuria ya uzi alinitaka Mangheim, nyumba ya ibada ya Satyahangma, yaani Walimbu waliofanya matengenezo na kuacha kuchinja. Mwenzake alinitaka nyumbani kwa babake siku ambayo phedangma, mzee wa ibada wa jadi, atakuja. Sikujua nishike ipi, na sikuwa na wa kumuuliza kwa Kiswahili. Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na ndugu walio Qatar, Oman na Emirati, wanaolala chumba kimoja na Wanepali, na hata na kijana wa Nanyuki aliyezoeana na wanajeshi wa Gurkha, Wanepali wa jeshi la Uingereza, waliokuja mazoezini. Nitalijibu hapa kwa urefu.

Shina ni moja

Walimbu, ambao wenyewe hujiita Yakthung, ni mojawapo ya jamii za Kirati pamoja na Warai, Wayakkha na Wasunuwar. Wako milimani mashariki mwa Nepal na kuvuka mpaka hadi Sikkim na Darjeeling, India. Dini yao imesimama juu ya Mundhum, yaani masimulizi ya uumbaji, nasaba za koo na maneno ya ibada yaliyorithishwa kwa mdomo. Aliye juu ya vyote ni Tagera Ningwaphuma, asiye na umbo, na nyumbani huheshimiwa kama Yuma, Bibi. Ukisikia Mlimbu mzima na ndevu zake anazungumza na Bibi karibu na nguzo ya nyumba, hilo ni la pande zote mbili. Sensa ya Nepal ya 2021 iliandikisha watu zaidi ya laki tisa chini ya dini ya Kirat, kama asilimia 3.17 ya wananchi, bila kuwatenganisha wanaochinja jogoo na wanaotoa maua.

Mtengano una jina na tarehe. Phalgunanda Lingden alizaliwa Ilam mwaka 1885, akatumikia jeshi la Waingereza huko India, akarudi milimani kuhubiri. Alihimiza watu waache kuchinja wanyama kwa ajili ya ibada, waache pombe, wapunguze gharama za ndoa na misiba, na wasomeshe watoto, wavulana kwa wasichana, kwa lugha yao na kwa herufi zao wenyewe za Sirijanga. Mwaka 1931 wazee wa Kilimbu walikutana Panchthar wakatia sahihi hati ya makubaliano inayoitwa Satya Dharma Muchulka. Satya maana yake ni ukweli. Phalgunanda alifariki mwaka 1949, na mwaka 2009 serikali ya Nepal ikamweka katika orodha ya mashujaa wa taifa. Leo kiongozi wa waumini hawa, Satyahangma, ni Atmananda Lingden, na makao yao makuu yako Larumba, Ilam.

Nimeanza na historia kwa sababu wageni wengi hudhani Mangheim ni dini ngeni iliyoletwa kutoka nje. Haya ni matengenezo yaliyofanywa na Walimbu wenyewe, wakiwa na Mundhum mkononi.

Jogoo wa kichwa, na moto wa samli

Hapa ndipo macho ya mgeni huona tofauti mara moja.

Ibada niliyoalikwa kwa babake yule wa pili inaitwa mangenna. Walimbu husema kichwa cha mtu kinaweza kuinama: aibu, ugonjwa, hasara au maneno ya watu vikakishusha, na kikiinama, mambo ya nyumba nzima hulegea. Mangenna hukiinua. Jogoo hutolewa kwa ajili ya mwanamume, mtetea kwa ajili ya mwanamke. Phedangma huketi chini mbele ya majani ya mgomba, hushika ndege, na kuanza kusema. Husema kwa muda mrefu. Maneno yake ni safari: humchukua mwenye kichwa kutoka mlangoni pake, kijito hadi kijito, kilima hadi kilima, mpaka kwenye chimbuko la ukoo wake kule juu milimani, akifika humwinua, kisha humrudisha nyumbani. Lugha yenyewe ni Kilimbu cha ibada, ambacho vijana wengi hawakielewi vizuri. Maneno huja mawili mawili, la pili likilijibu la kwanza. Mwenzangu aliyetuma pesa kutoka Doha alikuwa akiinuliwa kichwa akiwa kazini, kilomita maelfu mbali, na mama yake akishika nguo yake badala yake. Aliponieleza hilo usiku mmoja baada ya zamu, sikulala upesi.

Ndege huchinjwa, damu husomwa, na baadaye nyama hupikwa ikaliwa. Mgeni hukaa karibu, karibu sana. Utasikia harufu ya manyoya na ya damu. Kama huwezi hilo, sema mapema, hakuna atakayekulaumu.

Mangheim hakuna damu kabisa. Jina lenyewe ni nyumba ya mungu: mang ni mungu, him ni nyumba. Utavua viatu, utakaa safuni na wengine, na mbele yenu moto utawashwa. Samli humiminwa kijiko kwa kijiko, nafaka hutupwa, maua na matunda huwekwa, uvumba hufukizwa, na maneno ya Mundhum husomwa au kuimbwa, mkutano ukiitikia. Samli ikigusa moto hutoa mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi, na mwali husimama ghafla. Mtoto wa miaka mitano aliyekuwa ubavuni mwangu alikuwa akingoja mlio huo kila mara, na kila mara alinitazama kuhakikisha nimeusikia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza: kwa phedangma ibada ni ya nyumba moja, kwa jambo moja la mtu mmoja au familia moja. Mangheim ni ya mkutano. Ukitaka kuona Walimbu wakiwa pamoja wakisali, hutaona hilo nyumbani kwa mtu. Ukitaka kuona neno likielekezwa kwa mtu mmoja mwenye jina na ukoo, Mangheim haitakupa.

Ulezi wetu, kibuyu chao

Kuhusu pombe nitakaa kidogo, maana hapa mgeni wa Afrika Mashariki ana la kusema kuliko mgeni wa Ulaya.

Mimi ni wa upande wa Teso, Busia. Kwetu wazee huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanakunywa ajono ya ulezi, na maji ya moto huongezwa kila inapopungua. Niliposhika tongba kwa mara ya kwanza, nilidhani wananitania: chombo cha mbao chenye kifuniko, ndani ulezi uliochachuka, maji ya moto yanamiminwa juu, unasubiri, kisha unafyonza kwa mrija mwembamba wa mwanzi. Nafaka ni ileile, kwa sababu ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulisafiri hadi India na Himalaya maelfu ya miaka iliyopita. Niliwaambia wenyeji wangu hivyo, na baba mwenye nyumba akaniongezea maji ya moto bila kunijibu, kama mtu anayemwongezea ndugu.

Kwa njia ya zamani, pombe ya ulezi imo ndani ya ibada. Hutolewa kwa miungu, hupewa phedangma, hupokelewa na wageni, na posa bila pombe na nyama si posa. Kuikataa kunahitaji adabu: gusa chombo, shukuru, sema dini yako au afya yako hairuhusu. Inakubalika.

Kwa Satyahangma haimo kabisa. Na usilichukulie kama suala la afya tu. Sheria ya Nepal ya mwaka 1854, Muluki Ain, iliwapanga watu kwa matabaka, na jamii kama hizi zikawekwa kwenye fungu la matwali, "wanywaji pombe", chini ya Wahindu wa matabaka ya juu waliovaa uzi mtakatifu. Watu walioandikwa na serikali kwa jina la kinywaji chao, walipoamua kwa sahihi zao kuacha kinywaji hicho, walikuwa wakigusa jambo kubwa kuliko kibuyu. Ndivyo ninavyolisoma mimi. Mwenzangu wa sufuria ya uzi, alipoulizwa na msimamizi wetu kwa nini hanywi ilhali Wanepali wenzake wanakunywa, hujibu kwamba nyumbani kwao kuna karatasi iliyotiwa sahihi. Hakuzaliwa hata baba yake wakati huo, lakini huizungumzia kama sahihi yake.

Nguruwe wa nani, shamba la nani

Wengi hulinganisha ibada kwa uzuri wake tu wakasahau bei. Phalgunanda hakusahau.

Walimbu walikuwa na ardhi ya ukoo iitwayo kipat. Ilitambuliwa tangu mapatano yao na mfalme wa Gorkha, ufalme ulioiunda Nepal, mwaka 1774, na kwa desturi haikuuzwa kwa mtu wa nje ya jamii. Lakini iliweza kuwekwa rehani. Mtu alipotaka pesa za harusi, mazishi au ibada kubwa, alimpa mkopeshaji shamba alitumie mpaka deni lilipwe, na deni lilipokosa kulipwa, mkopeshaji aliendelea kulima. Vizazi vikapita, Mlimbu akawa mwenye shamba kwa jina tu. Katika miaka ya 1960 sheria za ardhi zikaimaliza kipat yenyewe.

Kwa macho hayo, sunauli rupauli, yaani "dhahabu na fedha" zilizodaiwa na upande wa bibi arusi, pamoja na nguruwe na mapipa ya pombe ya siku nne za msiba, havikuwa mapambo ya utamaduni tu. Vilikuwa mlango ambao shamba lilitokea. Msomaji wa kwetu anayejua mtu aliyeuza ploti kwa ajili ya matanga hahitaji kufafanuliwa. Muchulka ya 1931 ilikataza mahari hiyo na ulafi wa sherehe kwa sababu hiyo, na kwa hili nauunga mkono upande wa Satyahangma bila kusita.

Lakini haki ni haki. Baba wa mwenzangu wa pili aliniambia jambo ambalo nimelibeba: jogoo akichinjwa, majirani sita wanakula, samli ikimwagwa motoni, moto ndio unaokula. Waumini wa Mangheim wana jibu lao, kwamba chakula cha mkutano hupikwa na kila mtu hupata. Na kweli nilikula wali, dengu na mboga hadi nikashindwa kuinuka. Pia Mangheim ina gharama zake: kuijenga, kuitunza, nauli za kwenda Larumba siku kubwa. Tofauti ni kwamba gharama hizo hugawanywa na wengi, wala hazimwangukii mfiwa mmoja siku ya msiba wake.

Neno kichwani, neno kitabuni

Phedangma hasomei kazi yake shuleni. Husemwa kuwa ameitwa, mara nyingi kwa ndoto au kwa ugonjwa, kisha hujifunza kwa mwalimu kwa miaka mingi. Wenzake ni samba, mjuzi wa Mundhum ndefu, na yeba au yema, wa kiume na wa kike, wanaoshughulika na vifo vibaya na pepo wabaya kwa ngoma na kofia za manyoya. Ibada ya yeba mgeni usiiombe. Huwa ni usiku wa watu wenye uchungu, na kujileta pale na kamera ni kukosa utu.

Tatizo la njia hii ni kwamba kijana aliyeitwa leo huenda yuko Malaysia au Qatar anapakia mizigo. Phedangma mzee akifariki bila mwanafunzi, njia za Mundhum alizozijua huondoka naye. Satyahangma wameandika: maneno yako kwenye vitabu kwa herufi za Sirijanga, watoto hufundishwa kusoma, na mtu aliye ng'ambo anaweza kusali mwenyewe. Mwenzangu alikuwa na kijitabu chini ya mto wake na hakuhitaji kutuma pesa kwa mtu ili aombewe. Hata hivyo, kilichoandikwa hukaa kama kilivyoandikwa. Nilimsikia phedangma akibadili kituo cha safari yake ya maneno kwa sababu mwenye kichwa alikuwa wa ukoo wenye njia nyingine. Kitabu hakimtambui aliyekaa mbele yake namna hiyo.

Kuna wanaosema moto wa samli na ulaji wa mboga umewafanya Satyahangma wafanane mno na Wahindu. Mfanano huo upo, jicho lolote litauona. Lakini niliona pia Kilimbu kikitumika pale ambapo hekalu la Kihindu lingetumia Kisanskriti, na Yuma akitajwa mahali pa kwanza. Tangu miaka ya 1990 Wakirati wengi wa pande zote mbili wameacha kusherehekea Dashain, sikukuu kubwa ya Kihindu. Mtu asiyataje matengenezo haya kuwa kujisalimisha.

Sasa wewe uende wapi

Kama ni Mwislamu, au Msabato kama jirani zangu wengi, anza na Mangheim wala usihangaike: hakuna nguruwe, hakuna pombe, hakuna nyama iliyochinjwa kwa jina lingine. Usiku hutapatwa na aibu ya kurudisha sahani. La kuamua na dhamiri yako ni moja tu, kuhudhuria au kushiriki. Niliwaeleza kwamba mimi ni Mkristo, wakaniweka ukingoni mwa safu, sikutupa nafaka motoni, wala hakuna aliyenikunjia uso.

Ukiwa na watoto, Mangheim tena. Ukiwa na siku mbili tu, Mangheim tena, maana ibada yao hupangwa na kutangazwa, ilhali phedangma huja siku ambayo nyumba inamhitaji, na mgeni hangoji ugonjwa wa watu.

Ukiwa unataka kujua Mundhum ilivyo hai, na una muda, na unaweza kukaa karibu na damu, nyumba ya phedangma itakupa kile ambacho kitabu hakina. Omba kupitia mwenyeji wako, usiombe picha kwanza. Msimu unaofaa ni karibu na mwezi mpevu wa Mangsir, kati ya Novemba na Desemba, wakati wa Chasok Tangnam, ambapo mavuno mapya hutolewa kwa Yuma kabla ya mtu kuyaonja. Pande zote mbili huiadhimisha, kwa hiyo ukifika wakati huo utaona vyote viwili katika wiki moja. Njia ni ndege hadi Bhadrapur, au basi refu hadi Birtamod, kisha kupanda kwa gari kupitia mashamba ya chai ya Ilam hadi Phidim, makao makuu ya wilaya ya Panchthar. Beba sweta.

Zawadi: Mangheim peleka matunda, uvumba au mchango wa samli. Nyumba ya njia ya zamani, muulize mwenyeji wako, kwa sababu zawadi ya heshima huko ni chupa na nyama, na wewe huenda huvigusi. Sukari na majani ya chai hakuna anayevikataa. Salamu ni moja kote: Sewaro, mikono ikiwa pamoja kifuani.

Ukialikwa pande zote mbili kama mimi, zingatia mpangilio. Nenda Mangheim kwanza, asubuhi, kabla hujaonja tongba wala nyama, kisha teremka kwa wale wengine jioni. Mimi nilifanya hivyo. Mwenye sufuria ya uzi alinisindikiza mwenyewe hadi kwenye daraja la waya linalovuka mto kati ya nyumba hizo mbili. Hakuvuka, alisema ana kazi za nyumbani. Lakini alinipa mfuko wa machungwa nimpelekee baba wa mwenzake, akanisahihisha tena namna ya kutamka Sewaro, na alibaki amesimama pale mpaka nikafika upande wa pili.